Nyota Iliyogoma Kuhesabika

Mwaka 1986 Tukuyu Stars walitwaa ubingwa wa ligi ya Tanzania Bara, na wilaya nzima ya Rungwe ikatembea kifua mbele. Vigogo wa Kariakoo walikuwa wamepigwa kumbo na timu ya mji mdogo wa milimani, mji wa chai, ndizi na mvua. Shangwe hazijapoa vizuri, ikapita Rungwe nyota nyingine ambayo hakuna aliyeiona.

Ilikuwa Jumatatu, tarehe 23 Februari 1987, saa 4 na dakika 35 asubuhi. Dakika ile kila aliyekuwa Tukuyu, awe anachuma chai Katumba au anashusha mikungu ya ndizi stendi, alipitiwa mwilini na mabilioni kwa mabilioni ya chembe zisizo na rangi, joto wala kishindo. Ziliingia upande mmoja wa mwili zikatokea wa pili, zikaitoboa na dunia yenyewe, zikaenda zake. Chembe hizo huitwa nyutrino. Zilikuwa zimesafiri miaka kama 168,000 tangu nyota moja katika Wingu Kubwa la Magellan ilipobomoka kiini. Mapipa makubwa ya maji na mafuta yaliyofukiwa chini ya ardhi huko Japani, Marekani na Urusi yalinasa 24 tu. Usiku uliofuata Ian Shelton, aliyekuwa zamu kwenye kituo cha darubini cha Las Campanas nchini Chile, akaona nukta angavu mahali ambapo jana yake hapakuwa na kitu cha kutazamwa.

Nukta hiyo ilionekana kwa macho matupu kwa miezi kadhaa, na kwa jiografia Rungwe ilikuwa na nafasi nzuri ya kuiona. Tukuyu iko nyuzi 9 kusini mwa ikweta. Jioni za mwezi wa pili na wa tatu wingu lile la nyota husimama upande wa kusini, juu ya mteremko unaoshuka kwenda Kyela na Ziwa Nyasa. Lakini Machi na Aprili mtu wa Tukuyu haoni hata Mlima Rungwe ulio mbele ya macho yake, sembuse nyota. Mji huu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na sehemu kubwa ya mvua hiyo huanguka miezi hiyo hiyo.

Ngozi ya nje ya nyota ile ilitawanyika angani. Kiini chake kilifanya kinyume: kilijikunja ndani kwa muda usiofika sekunde moja, elektroni zikagandamizwa ndani ya protoni, na kikabaki kitu ambacho karibu chote ni nyutroni. Wanasayansi hukiita nyota ya nyutroni. Kitu hicho kina uzito unaozidi wa Jua letu, lakini ukisimama sokoni Tukuyu ukapiga mstari ulionyooka hadi kilele cha Mlima Rungwe, kiasi cha kilomita 13, umeshapata takriban umbali wa kutoka katikati yake hadi ukingoni. Jua zima na nyongeza, ndani ya wilaya moja. Sentimita moja ya ujazo ya kiini cha atomu ina uzito wa tani milioni 280 hivi, na katikati ya nyota hii msongamano unazidi hapo mara kadhaa.

Maada iliyosongamana kiasi hicho haichoteki wala haitengenezwi ikakaa mezani. Maabara zinaweza kugonganisha viini vya atomu kwa kasi kubwa na kupata mchanganyiko mzito, lakini ni wa moto mkali na unatoweka papo hapo. Maada baridi ya ndani ya nyota ina njia moja tu ya kuijua: kukokotoa, kisha kulinganisha jibu na anga. Kwa hiyo historia yake ni historia ya wapiga hesabu, na mara nyingi walioifanya hesabu hawakuwa wale waliovuna jina.

Mmoja wa wachache waliovuna, ingawa kwa kuchelewa, ni Subrahmanyan Chandrasekhar. Mwishoni mwa Julai 1930, akiwa na umri wa miaka 19, alipanda meli Bombay kwenda kusoma Uingereza. Meli ilikatiza Bahari ya Uarabuni, maji yale yale yaliyozoeleka na majahazi ya Lamu, Zanzibar na Maskati, na ndani yake kijana huyo alikuwa akihesabu hatima ya nyota iliyoishiwa moto. Aligundua kwamba nyota ya namna hiyo, iitwayo nyota kibete nyeupe, haiwezi kubeba kila uzito. Kuna kikomo, ambacho baada ya marekebisho kilitulia kwenye mara 1.4 ya uzito wa Jua. Ukizidi hapo, inaporomoka. Inaporomokea wapi, hakuna aliyekuwa na jibu, kwa sababu nyutroni yenyewe haikuwa imegunduliwa. James Chadwick aliipata mwaka 1932. Walter Baade na Fritz Zwicky wakaidaka haraka: mwaka 1934 walichapa pendekezo kwamba nyota inapolipuka huacha gimba la nyutroni. Chandrasekhar alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1983, nywele za ujana zimeshageuka mvi.

Mwaka huo wa 1934 Rungwe ilipata mgeni mwenye daftari, Godfrey Wilson, na mwaka uliofuata mkewe Monica akaungana naye; walikuja kujifunza maisha ya Wanyakyusa na wakaendelea na kazi hiyo hadi 1938. Jina la Wilson tutakutana nalo tena mbele kidogo, japo si wa ukoo mmoja. Nawataja kwa sababu inafaa kukumbuka dunia ilivyokuwa: walipokuwa wakiandika jinsi vijana wa rika moja wanavyojenga kijiji chao, kule Berkeley, California, mwanafunzi aitwaye George Volkoff alikuwa anakaribia kupewa hesabu ambayo ingemchosha vidole.

Mwalimu wake alikuwa Robert Oppenheimer, yule wa bomu la atomu. Swali lilikuwa hili: gimba la nyutroni nalo lina kikomo kama nyota kibete? Mlinganyo ulikuwepo, umetokana na nadharia ya uhusianifu ya Einstein, na Richard Tolman alikuwa ameuchambua vizuri. Kilichokosekana ni jibu, maana mlinganyo wenyewe haufunguki kwa kalamu. Lazima uutembee hatua kwa hatua.

Kazi inaanzia katikati ya nyota. Unabuni mgandamizo wa pale katikati, uwe mkubwa upendavyo. Kutokana na mgandamizo huo unatafuta msongamano, kwa kutumia kanuni inayoeleza jinsi maada inavyokaza ikibanwa. Wataalamu huiita mlinganyo wa hali. Kisha unasogea nje hatua ndogo, tuseme mita chache. Unajumlisha uzito wa tabaka ulilolipita. Uzito huo unavuta, kwa hiyo unapunguza mgandamizo kwa kiasi kile cha mvuto. Mgandamizo mpya unakupa msongamano mpya, nao unakupa tabaka jingine. Unasogea tena. Baada ya hatua nyingi sana mgandamizo unafika sifuri, na hapo ndipo uso wa nyota ulipo. Unaandika mambo mawili tu: umbali uliotembea na uzito uliokusanya. Halafu unarudi katikati, unabuni mgandamizo mwingine, unaanza upya.

Volkoff aliifanya kazi hiyo kwa mashine ya hesabu ya mezani aina ya Marchant, yenye meno ya chuma ndani. Jibu likatoka la ajabu. Ukiongeza mgandamizo wa katikati, uzito wa nyota nao unaongezeka, lakini hadi mahali fulani tu. Baada ya hapo unaanza kupungua. Sababu ni Einstein. Kwake yeye mgandamizo nao una mvuto wake, si uzito peke yake. Kadiri maada inavyojitahidi kusukuma ili isiporomoke, ndivyo inavyojiongezea mzigo. Kikomo alichokipata Volkoff kilikuwa mara 0.7 ya uzito wa Jua. Makala ilichapwa Februari 1939 kwa majina ya Oppenheimer na Volkoff, na mpaka leo watu wengi wakiitaja wanamtaja wa kwanza. Kwa maoni yangu, aliyezungusha mashine ndiye aliyestahili kutangulia.

Jibu la 0.7 lilikuwa na kasoro iliyojulikana tangu siku ya kwanza. Volkoff alizichukulia nyutroni kama hewa isiyogusana, kila moja na lake. Nyutroni halisi zikisogezwa karibu mno husukumana vikali. Zinasukumana kwa kiasi gani, mwaka 1939 hakuna aliyejua, na vita ikaja ikawapeleka wapiga hesabu wengi Los Alamos, Marekani, kutengeneza bomu la atomu.

Kwa karibu miaka thelathini nyota za nyutroni zilibaki kwenye karatasi. Mwaka 1967 Jocelyn Bell, mwanafunzi wa Cambridge, alikuta kwenye karatasi ndefu za mashine yake alama inayojirudia kila baada ya sekunde 1.337, bila kukosea. Ilikuwa nyota ya nyutroni inayozunguka na kumulika kama taa ya mnara, na vitu vya namna hiyo vikaitwa pulsa. Hapo sasa ikabidi anga ichunguzwe kwa macho mengine, na macho hayo yakapandishwa kutoka pwani yetu.

Kaskazini mwa Malindi kuna kijiji cha wavuvi kiitwacho Ngomeni. Mbele yake, ndani ya bahari, Waitaliano chini ya Luigi Broglio walisimamisha majukwaa ya chuma yaliyofanana na yale ya kuchimbia mafuta: San Marco la kurushia roketi, na Santa Rita la kuongozea urushaji. Satelaiti ya kwanza iliruka kutoka pale Aprili 1967. Mahali palichaguliwa kwa akili. Karibu na ikweta mzunguko wa dunia wenyewe unaisukuma roketi, kwa hiyo roketi ndogo inatosha. Na satelaiti inayozunguka juu ya ikweta inakwepa sehemu kubwa ya mionzi iliyonaswa na usumaku wa dunia, mionzi ambayo huvuruga vyombo vyepesi kuhisi.

Mwanafizikia Riccardo Giacconi alihitaji vyote viwili. Roketi yake ya mwaka 1962 ilikuwa imegundua chanzo cha kwanza cha eksirei nje ya mfumo wa Jua, lakini roketi hukaa juu dakika chache tu, na eksirei za angani hazifiki chini kwa kuwa hewa huzimeza. Alitaka chombo kinachokaa huko huko. Chombo hicho, chenye uzito wa kilo 140 hivi, kilirushwa kutoka San Marco kwa roketi ya Scout tarehe 12 Desemba 1970. Ilikuwa satelaiti ya kwanza ya Marekani kurushwa na wataalamu wa nchi nyingine. Siku hiyo ilikuwa pia Sikukuu ya Jamhuri, Kenya ikitimiza miaka 7 tangu ijitawale, na Marjorie Townsend, aliyesimamia mradi kwa upande wa NASA, akaibatiza Uhuru kuwashukuru wenyeji. Bara huku, kazi ya kujenga reli ya TAZARA ilikuwa haijatimiza miezi miwili tangu izinduliwe.

Mwaka 1971 Uhuru iliona kitu katika kundinyota la Kantarusi: eksirei zikipiga kila baada ya sekunde 4.8. Waliochambua takwimu waligundua kwamba mapigo yalikuwa yakikaribiana na kuachana kidogo, kwa mpangilio, na kwamba kila baada ya siku 2.1 eksirei zilizimika kwa saa kadhaa na kurudi. Maana yake kitu kile kilikuwa kikilizunguka jitu fulani na kupita nyuma yake. Nyota ya nyutroni ilikuwa inamnyonya jirani yake gesi. Gesi ikiangukia juu yake inapata joto la mamilioni ya nyuzi na kung'aa kwa eksirei. Kwa wapiga hesabu, habari kubwa ilikuwa huo mzunguko. Vitu viwili vikizungukana, unaweza kuvipima uzito.

Uhuru ilifanya kazi hadi Machi 1973. Orodha yake ya nne, iliyochapwa mwaka 1978, ina vyanzo 339, na kila kimoja jina lake linaanza na 4U. Wanasayansi duniani kote hutamka herufi hiyo kila siku, na sina hakika wangapi kati yao wanajua kwamba U hiyo ni Kiswahili. Giacconi alipata Nobel mwaka 2002.

Mwaka 1974 mambo yalirundikana. Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Kompyuta ya kwanza ilikuwa imefungwa Hazina, Dar es Salaam, mwaka 1965. Mradi wa kuhamishia hesabu za Serikali kwenye mitambo mipya ukaenda mrama na kula fedha nyingi, na Serikali ikaamua basi. Ni rahisi kucheka leo. Mwaka ule ulikuwa wa njaa na wa mafuta yaliyopanda bei, fedha za kigeni zilikuwa za kuhesabu kwa vidole, na mashine iliyokula pesa bila kutoa hesabu sahihi haikuwa na mtetezi. Lakini muda waliochagua ulikuwa mbaya sana, kwa sababu mwaka huo huo kompyuta ilikuwa inakaribia kuwa chombo cha fizikia sawa na darubini.

Katikati ya mwaka, Russell Hulse na Joseph Taylor walipata kwa darubini ya Arecibo, Puerto Rico, pulsa inayozungukana na nyota nyingine ya nyutroni kila baada ya saa 7 na dakika 45. Vipimo vya miaka iliyofuata vilionyesha kila moja ina uzito wa mara 1.4 hivi ya Jua, maradufu ya kikomo cha Volkoff. Kwa hiyo nyutroni zinasukumana kweli, tena kwa nguvu. Oktoba ikafuata. Nusu ya Tuzo ya Nobel ya fizikia ya mwaka huo ilitolewa kwa ugunduzi wa pulsa, akapewa Antony Hewish, msimamizi wa Jocelyn Bell. Bell mwenyewe hakujumuishwa. Tarehe 15 Oktoba satelaiti ya Uingereza, Ariel 5, iliruka kutoka Ngomeni kuendeleza kazi ya Uhuru. Na tarehe hiyo hiyo jarida la Physical Review lilitoa makala ya Kenneth Wilson kuhusu kufungika kwa kwaki. Huyu ndiye Wilson wa pili.

Kwaki ni chembe zilizo ndani ya protoni na nyutroni, na nguvu inayozishika ndiyo mama wa ile misukumo ambayo Volkoff hakuweza kuihesabu. Mlinganyo wake uliandikika kwenye mstari mmoja na haukuwa ukitatulika. Wilson alipendekeza mahali na wakati wenyewe vikatwe viwe gridi ya nukta: kwaki zikae kwenye nukta, na uzi wa nguvu upite kwenye viungo kati ya nukta na nukta. Fumbo lisilo na mwisho likageuka hesabu ndefu, na hesabu ndefu ni kazi ya kompyuta.

Ndefu kiasi gani? Chukua gridi ndogo kabisa, nukta 10 kila upande katika pande tatu za nafasi na ule mmoja wa wakati. Hizo ni nukta 10,000 na viungo 40,000. Tuseme, kwa kurahisisha kupita kiasi, kila kiungo kina hali mbili tu. Idadi ya mipangilio yote ni namba yenye tarakimu zaidi ya 12,000. Hakuna kompyuta itakayoipitia yote, ya leo wala ya wajukuu zetu.

Dawa ilikuwa imeshapatikana Los Alamos. Stanislaw Ulam, akijiuguza mwaka 1946 huku akicheza karata peke yake, alijiuliza uwezekano wa kushinda ni kiasi gani, akaona ni rahisi kucheza mara nyingi na kuhesabu kuliko kupiga hesabu kamili. Njia ikaitwa Monte Carlo, mji wa kamari. Mwaka 1953 kundi la Nicholas Metropolis likaongeza ujanja: usiokote mipangilio ovyo, okota ile yenye uzito mkubwa zaidi mara nyingi zaidi. Njia ile ina jina la Metropolis mpaka leo, lakini aliyeandika programu yake na kuiendesha kwenye kompyuta alikuwa Arianna Rosenbluth. Michael Creutz, wa maabara ya Brookhaven, aliunganisha gridi ya Wilson na Monte Carlo kuelekea mwaka 1980, na mlango ukafunguka. Mwaka 2008 kundi la Budapest, Marseille na Wuppertal lilitoa uzito wa protoni kwa hesabu tupu, ukalingana na ule uliopimwa kwa tofauti ya asilimia chache.

Msomaji atadhani sasa kilichobaki ni kuirudisha mashine hiyo kwa nyota na kumaliza kazi. Hapo ndipo ilipogoma.

Monte Carlo inaishi kwa sharti moja: uzito wa kila mpangilio uwe chanya, kwa sababu unautumia kama uwezekano. Mahali patupu, au penye joto kali ambapo kwaki na pingakwaki, yaani kinyume chake, ni sawa kwa idadi, sharti linatimia. Ndiyo maana gridi imeweza kutuambia kwamba kwenye joto la nyuzi kama trilioni 1.8 protoni na nyutroni huyeyuka polepole kuwa mchuzi wa kwaki. Ukijaza kwaki kuliko pingakwaki, kama ilivyo ndani ya nyota, uzito wa mipangilio unaacha kuwa chanya. Mingine inakuwa hasi, mingine inabeba namba changamano ambazo si chanya wala hasi. Uwezekano hasi hauna maana.

Unaweza kusema basi tujumlishe na kutoa, yaishe. Jaribu. Tuseme jumla ya chanya ni 1,000,000 na ya hasi ni 999,999. Jibu ni 1. Lakini kila jumla umeipata kwa kubahatisha, ina kosa la elfu moja huku na elfu moja kule. Kosa lako ni kubwa mara elfu kuliko jibu unalolitafuta. Ukiongeza ukubwa wa gridi, hali inazidi kuwa mbaya, na haizidi taratibu bali kwa kuzidishana. Hili huitwa tatizo la alama. Mwaka 2005 Matthias Troyer na Uwe-Jens Wiese walithibitisha kwamba dawa moja ya kulitibu kwa kila hali, ikipatikana, itakuwa imefungua pia kundi zima la maswali magumu ya kompyuta ambayo wanahisabati wengi wanaamini hayana njia ya mkato. Kununua kompyuta kubwa zaidi, peke yake, hakusaidii.

Watu hawakukaa. Wapo wanaokokotoa pasipo na msongamano na kusogea kidogo kidogo kwa njia ya hisabati iitwayo mfululizo wa Taylor. Wapo wanaoweka msongamano wa namba za kidhahania, ambako alama hazigombani, kisha wanajaribu kurudi kwenye namba halisi. Giorgio Parisi mwaka 1983 alipendekeza kuachana na uwezekano kabisa na kuziacha namba changamano zitembee zenyewe. Mara nyingine njia hiyo inafika, mara nyingine inafika pasipostahili bila kukupa onyo. Njia zote hizi zinafanya kazi karibu na ukingo wa maada nyepesi. Katikati ya nyota bado hazijafika.

Kwa hiyo anga ikaachiwa kazi. Mwaka 2010 ilipimwa pulsa yenye uzito wa mara 1.97 ya Jua, na mwaka 2013 nyingine yenye 2.01. Milinganyo ya hali iliyokuwa laini mno, ile isiyoweza kubeba Jua mbili, ikatupwa siku hiyo hiyo. Tarehe 17 Agosti 2017, saa 9 na dakika 41 alasiri kwa saa zetu, mitambo ya kunasa mawimbi ya mvuto, LIGO na Virgo, ilihisi nyota mbili za nyutroni zikigongana, umbali wa miaka ya nuru milioni 130. Jinsi zilivyokunjana kabla ya kugusana ikaonyesha hazikuwa pana sana, na milinganyo iliyokuwa migumu mno ikatupwa nayo. Darubini ya NICER, iliyofungwa juu ya Kituo cha Anga cha Kimataifa mwaka huo huo, ikaleta vipimo vyake vya upana: kilomita 12 hadi 13 kutoka katikati hadi ukingoni.

Kipimo ninachokipenda mimi ni kingine. Mwaka 2017 pia, Joonas Nättilä wa Finland na wenzake walichukua nyota ambayo gesi inayojikusanya juu yake hulipuka kila mara, wakailinganisha na milipuko waliyoikokotoa wenyewe kwenye kompyuta, wakapata kilomita 12.4, kosa lisizidi 0.4 huku wala kule. Nyota hiyo inaitwa 4U 1702-429. U ni ile ile ya Ngomeni.

Miaka mitatu baadaye Nättilä huyo huyo alikuwa katika kundi lililojaribu kulizunguka tatizo la alama kwa mbali. Upande wa chini, hadi msongamano unaozidi kidogo ule wa kiini cha atomu, hesabu za nyutroni zinaaminika. Upande wa juu sana, kwenye mara 40 na kuendelea, kwaki zinalegea na hesabu zake nazo zinaaminika. Nyota iko katikati ya ncha hizo. Wakachora mamia ya maelfu ya mistari inayoziunganisha, wakafuta kila mstari usioweza kubeba Jua mbili au unaopingana na mgongano wa 2017. Iliyobaki ilionyesha kwamba nyota nzito kabisa huenda zina kiini cha kwaki. Huenda, nasisitiza. Kuunganisha ncha mbili kwa mstari si sawa na kujua kilichopo katikati.

Katika habari hii yote Afrika Mashariki ilitoa bahari, ikweta na jina. Mikono ya kuhesabu tumeanza kuitoa juzi tu. Marufuku ya kompyuta iliondolewa, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam ikapata kutoka India kompyuta yenye nguvu iitwayo PARAM Serengeti, na mwaka 2018 Kigali ilifunguliwa taasisi ya fizikia ya kanda iliyo mshirika wa kituo cha Trieste alichokianzisha Abdus Salam mwaka 1964. Lakini nchi tisa za Afrika zilipoungana kwa mradi wa darubini kubwa ya redio ya SKA, itakayopima pulsa kwa maelfu, Kenya, Zambia na Msumbiji, jirani zetu, zilikuwemo. Tanzania haimo. Hilo ni kosa, na halihitaji kufunikwa kwa maneno laini.

Wakati wakubwa wanafikiria, mwalimu wa fizikia wa kidato cha sita wa Rungwe asisubiri mtu. Ampe mwanafunzi wake mlinganyo wa mwaka 1939 na kanuni ya nyutroni zisizogusana. Mwanafunzi aandike programu ya mistari isiyofika mia, atembee kutoka katikati ya nyota hadi usoni kama alivyotembea Volkoff, arudie kwa migandamizo tofauti na kuchora mchoro. Kilele cha mchoro kinatakiwa kukaa kwenye 0.7, kikikaa kwingine, kosa liko kwenye programu. Kisha abadilishe kanuni, azifanye nyutroni zisukumane, atazame kilele kinavyopanda kuelekea 2. Kompyuta inayochapa mitihani ya shule inatosha kwa kazi hiyo.